Mgeni Siku ya Tatu: Hesabu ya Nyumba Iliyo Mbali na Nguzo

Wahenga waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, hawakukusudia kufundisha uchoyo. Walikuwa wakitaja kipimo. Ghala ya mtama ya kaya moja ina mwisho. Mgeni akila kwa siku mbili, akiba hupungua kwa kiasi kinachovumilika; akiendelea kula pasipo kulima, upungufu huo huwafikia mwenyeji na watoto wake kabla ya mavuno. Jembe, basi, lilikuwa njia ya heshima ya kumwingiza mgeni katika hesabu ya nyumba, bila ya kumwambia kuwa amewaelemea wenyeji wake.

Hesabu hiyo yafaa irudiwe leo, safari hii si kwa mtama bali kwa umeme. Maelfu ya nyumba nchini Tanzania sasa hupata mwanga wake kutoka kwenye paneli ya sola iliyo juu ya paa na betri iliyo chini ya meza. Nyumba hizo zina ghala mpya, na ghala hiyo nayo ina mwisho. Tofauti ni kwamba ghala ya mtama huonekana kwa macho inapopungua, ilhali betri hunyamaza hadi inapokwisha. Na mila ya ukarimu, iliyojua vema kuuliza habari za mtama, bado haijajifunza kuuliza habari za betri.

Kisiwa katika nchi kavu

Na ichukuliwe mfano wa familia moja ya kata ya Gongoni, mjini Tabora: baba, mama na watoto watatu waliokwisha kukua. Mwezi Desemba, shule na vyuo vikiwa vimefungwa na maembe yakiwa yameiva, familia hiyo yafunga safari kwenda kuwatembelea rafiki zao wa siku nyingi: mwalimu mstaafu na mkewe, waishio na mjukuu mmoja katika shamba lililo ndani ya miombo, upande wa barabara iendayo Sikonge. Wageni hawaendi mikono mitupu. Wamebeba sukari, mchele, majani ya chai na mikate, kama ilivyo desturi ya mtu atokaye mjini.

Shamba hilo limo katika kijiji kilichokwisha kupata umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, umefanya kazi kubwa, na kufikia mwaka 2025 Serikali ilieleza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Lakini kijiji kufikiwa si sawa na kila nyumba kufikiwa. Nguzo ya mwisho yaweza kusimama karibu na shule au zahanati, na kutoka hapo hadi kwenye kitongoji cha mbali ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Ng'ambo ya nguzo hiyo ya mwisho ndiko aishiko mwalimu.

Wahandisi wa umeme wana neno kwa mfumo wowote usiounganishwa na gridi: huuita kisiwa. Neno hilo halihitaji maji. Mkoa wa Kigoma, ulio mwisho wa reli ya kati, ulikuwa kisiwa cha namna hiyo kwa miaka mingi, ukiendeshwa kwa majenereta ya dizeli, hadi ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Nyumba ya mwalimu nayo ni kisiwa, kidogo mno, kilichozungukwa na bahari ya miti. Lolote litumikalo humo sharti liwe limezalishwa humo au limebebwa kupelekwa humo.

Hesabu ya robo ya uniti

Mkazi wa Gongoni hununua umeme wake kwa uniti za LUKU. Uniti moja ni wati-saa 1,000, yaani nishati itumiwayo na kifaa cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Kipimo hichohicho chaweza kutumika kwenye nyumba ya mwalimu, na ndipo tofauti ya nyumba hizo mbili inapoonekana.

Mwalimu ana paneli moja ya wati 100. Kwa siku ya jua jema katika nyanda za Tabora, paneli hupokea mwanga unaolingana na saa tano za jua kali la utosi. Kwa hiyo ingetarajiwa kutoa wati-saa 500. Lakini vumbi, joto la paneli yenyewe, nyaya na betri hula sehemu yake, na kinachobaki kwa matumizi ni wati-saa 350 hivi. Betri yake ni ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100. Ukizidisha, wapata wati-saa 1,200. Walakini betri ya namna hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo akiba halali ni wati-saa 600.

Matumizi ya kila siku ya wenyeji ni haya. Taa nne za wati tano, zikiwaka saa nne, hutumia wati-saa 80. Televisheni ndogo ya wati 25, kwa saa tatu, hutumia 75. Redio hutumia 30, taa ya nje iwakayo usiku kucha 30, na simu mbili hutumia 24. Jumla ni takriban wati-saa 240, yaani hazifiki hata robo ya uniti moja ya LUKU. Jua likiwaka, paneli hutosheleza na kubakiza. Jua likikosekana kabisa, akiba ya wati-saa 600 huibeba nyumba kwa siku mbili na nusu. Mwalimu hakuwa mzembe; alipanga nyumba yake kwa busara, kwa kadiri ya watu watatu.

Sasa waingie wageni watano. Taa sita zawaka kwa saa sita, kwa kuwa wenyeji na wageni wana mengi ya kuzungumza: wati-saa 180. Televisheni yawashwa saa saba, kwa ajili ya taarifa ya habari, tamthilia na mpira: 175. Simu si mbili tena bali saba: 84. Kompyuta ya kijana asomaye chuo yachukua 40. Redio na taa ya nje zabaki palepale. Jumla yawa kama wati-saa 540, zaidi ya mara mbili ya kawaida, ingawa hakuna hata mmoja aliyefanya ubadhirifu. Kila mtu ametumia pungufu ya vile atumiavyo akiwa Gongoni.

Jambo la pili ni majira. Tabora hupata mvua zake kati ya Novemba na Aprili. Wageni huja Desemba kwa sababu ya likizo na sikukuu, wakati mawingu yametanda. Siku ya mawingu mazito paneli ileile yaweza kutoa theluthi tu ya kawaida yake, yaani wati-saa 120. Upungufu wa siku moja ni wati-saa 420. Siku ya kwanza betri, iliyokuwa imejaa, yatoa upungufu huo bila ya malalamiko. Kufikia usiku wa pili imekwisha kutoa 840, nayo ni asilimia 70 ya ujazo wake wote, kupita sana nusu iliyo halali. Siku ya tatu itakwisha kabisa. Wahenga walipozitaja siku mbili hawakuwa na habari ya betri, lakini walijua tabia ya ghala.

Betri ifayo kwa heshima

Usiku ule wa pili, mpira ukiwa katikati, kidhibiti chaji chakata umeme. Kifaa hicho kidogo, kilichofungwa ukutani kati ya paneli na betri, kimetengenezwa kufanya hivyohivyo: kuilinda betri pale watu wanaposahau kuilinda. Kijana mmoja wa wageni, mwenye ujuzi kidogo wa nyaya na nia njema, aondoa waya za televisheni kwenye kidhibiti na kuziunga moja kwa moja kwenye betri. Picha yarudi, watu washangilia. Mwenyeji aona, naye ajua maana yake. Lakini hawezi kumwambia mtoto wa rafiki yake azime, wageni wakiwa wamekaa sebuleni mwake. Kijana amtazama na kuuliza, "Mzee, ni sawa?" Mwenyeji ajibu, "Endeleeni tu, wanangu."

Jibu hilo ndilo kiini cha makala hii. Adabu ya Kiswahili na ya Kinyamwezi yakataza kumnyima mgeni kitu kilichopo, na hiyo ni adabu njema, isiyostahili kubezwa. Kemia ya betri, kwa upande wake, haina adabu. Betri ya risasi inapotoa umeme, chumvi ya risasi hujijenga juu ya sahani zake. Ikijazwa mapema, chumvi hiyo huyeyuka tena na kurudi katika hali ya awali. Ikiachwa tupu kwa siku kadhaa chini ya mawingu, chumvi hugeuka fuwele ngumu isiyoyeyuka, na sehemu ile ya sahani haitafanya kazi tena. Betri inayotolewa umeme kidogo kidogo na kujazwa kila siku yaweza kudumu miaka. Ileile ikikaushwa mara kwa mara huchakaa upesi. Betri ya gari, ambayo wengi huinunua kwa kuwa ndiyo ipatikanayo dukani, ni dhaifu zaidi, kwani imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kutoa umeme usiku kucha.

Basi wageni waondoka siku ya nne, wakishukuru. Wiki chache baadaye mwalimu agundua kwamba taa zafifia kabla ya saa nne ya usiku. Betri mpya ni sawa na thamani ya magunia kadhaa ya mahindi. Hatawaambia rafiki zake wa Gongoni, nao hawatajua kamwe kwamba ziara yao ilikuwa ghali kuliko sukari na mchele waliouleta. Mwaka ujao wakitaka kuja tena, huenda akapata udhuru; na hapo urafiki wa miaka mingi utakuwa umeingiwa na doa kwa ajili ya jambo ambalo hakuna aliyelitaja.

Yasemwa kwamba dawa ni kununua vifaa vikubwa zaidi. Maneno hayo yana ukweli, ila yahitaji kupimwa. Akiongeza paneli ya pili ya wati 100, siku ya mawingu nyumba itapata wati-saa 240, ambazo ndizo matumizi ya wenyeji wakiwa peke yao. Na wageni wakiwapo, upungufu utashuka hadi 300 kwa siku, ambao akiba ya 600 yaweza kuubeba kwa siku mbili kamili. Bei za paneli zimeshuka mno duniani katika miaka hii, na paneli hudumu zaidi ya miaka ishirini, ilhali betri hudumu michache. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anayetarajia wageni wa Desemba afadhali aongeze paneli kabla ya kuongeza betri. Betri za lithiamu nazo zimeanza kuenea. Huvumilia kushushwa chini zaidi na huwa na ulinzi ndani yake. Hata hivyo hakuna betri isiyo na mwisho. Betri kubwa huahirisha siku ya tatu tu, haiifuti.

Nyumba kabla ya paneli

Hesabu ya umeme haianzii kwenye betri. Huanzia kwenye ukuta. Feni ya wati 50 ikizunguka kwa saa nane hutumia wati-saa 400, kupita matumizi yote ya nyumba ya mwalimu kwa siku. Yule ajengaye nyumba isiyohitaji feni amezalisha wati-saa 400 bila ya paneli.

Tabora ina funzo la karibu kuhusu jambo hili. Mji huu ulikuzwa na wageni. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, ikapumzika, ikaajiri wapagazi wapya, kisha ikagawanyika: mingine kuelekea Ujiji, mingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857, wakakaribishwa na mfanyabiashara Snay bin Amir, wakakaa zaidi ya mwezi. David Livingstone na Henry Stanley walifika Unyanyembe pamoja mwezi Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki katika tembe la Kwihara, kilomita chache nje ya mji, akingojea wapagazi na vifaa hadi Agosti 25. Huyo alikuwa mgeni wa miezi sita. Tembe hilo, ambalo limehifadhiwa kama makumbusho, halikuwa na waya wala injini. Raha yake yote ilitoka katika kuta nene za udongo na baraza yenye kivuli.

Sayansi ya kuta hizo si ngumu kueleza. Joto la mchana hupenya udongo polepole. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 huchelewesha joto kwa saa tisa au kumi hivi: joto la saa nane ya mchana hufika ndani karibu na usiku wa manane, hewa ya nje ikiwa imekwisha kupoa na madirisha yakiwa wazi. Paa la bati lisilo na dari halicheleweshi kitu. Huingiza joto la jua ndani ya dakika chache. Ndiyo maana nyumba nyingi mpya za Tabora, zenye kuta nyembamba na bati tupu, huwa tanuri mwezi Oktoba, na wenyewe hukimbilia feni.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kulisifu tembe bila ya kutaja aibu yake. Sakafu na nyufa za udongo zilikuwa maskani ya papasi, na homa ya papasi iliwatesa wenyeji na wasafiri wa njia ile ya misafara. Paa la udongo lililo tambarare hudai kukarabatiwa kila masika. Anayetaka faida ya ukuta mnene leo achukue unene, aache nyufa: ukuta wa matofali ya udongo ulioshindiliwa, uliopigwa lipu; sakafu ya saruji; dari chini ya bati; wavu madirishani; na kivuli cha mwembe upande wa magharibi. Hakuna katika hayo kisichopatikana Tabora.

Chakula nacho kina hesabu yake. Jokofu ni mzigo mzito kwa betri ndogo, na mke wa mwalimu hana jokofu. Anayo michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, vile vya kwanza vikiwa vibichi na vya pili vikiwa vimechemshwa. Anazo nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na asali ya miombo ambayo haiozi kwa kuwa maji yake ni machache mno kwa vijidudu kuishi. Vyote hivyo ni nishati ya jua la Juni na Julai, iliyowekwa akiba hadi Desemba pasipo betri. Mtungi wake wa maji hupoza kwa mvuke: kila lita ipotelayo kupitia udongo wa mtungi huondoka na joto linalokaribia theluthi mbili za uniti ya LUKU. Mtungi hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi, hewa ikiwa kavu. Masika hupoza kidogo, na yafaa jambo hilo lisemwe wazi, maana kifaa cha asili nacho kina mipaka yake.

Gunia la kuagwa nalo

Liko bado jambo zito kuliko taa. Umeme wa nyumba ya mwalimu haupiki. Lita mbili za maji ya chai ya wageni zahitaji karibu wati-saa 190 ili zichemke, yaani zaidi ya nusu ya pato la paneli yake kwa siku nzima ya jua. Maharage ya watu wanane hayafikiriki. Kwa hiyo nyuma ya nyumba kuna mafiga matatu, na wageni watano maana yake ni mzigo wa ziada wa kuni, ambao mara nyingi huwa kichwani mwa mama au mjukuu. Gharama hiyo haionekani kwenye kidhibiti chochote, na mgeni akaaye sebuleni haioni hata kidogo.

Siku ya kuondoka, mgeni huagwa kwa zawadi, naye mwenyewe hupenda kurudi mjini na gunia la mkaa kwa kuwa shambani ni rahisi. Gunia la kilo 50 lina historia. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hudai kilo sita hadi kumi za kuni. Gunia hilo moja, basi, lilikuwa kilo 300 hadi 500 za miti ya miombo. Ikumbukwe kwamba miombo hiyo ya Tabora yabeba pia mzigo wa kukaushia tumbaku, na kwamba ndiyo inayolisha nyuki watoao asali iliyo sifa ya mkoa. Mgeni ambaye angeona haya kuondoka na mtama wa mwenyeji wake huondoka na msitu wake bila ya haya yoyote.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema. Lakini mkakati utafika Gongoni mapema, na kwa mwalimu utafika kwa kuchelewa. Hadi ufike, jiko banifu lenye kuta za udongo, kuni zilizokaushwa barabara, kifuniko juu ya sufuria na maharage yaliyolowekwa usiku ni hatua zisizohitaji kusubiri mkandarasi.

Jembe la mgeni wa leo

Wapo watakaosema kwamba kuisifu nyumba yenye kuishi kwa hesabu ni kutoa kisingizio cha kuwaacha wananchi wa vitongoji gizani. Hoja hiyo yapaswa kujibiwa kwa uwazi. Zahanati yahitaji jokofu la chanjo lisilozidi nyuzi nane, usiku na mchana, mawingu yawepo yasiwepo. Mashine ya kusaga na kiwanda kidogo cha mbao vyahitaji kilowati nyingi. Kwa kazi hizo gridi au mtambo wa pamoja hauna mbadala. Katika kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara katika Ziwa Victoria, mtambo wa pamoja wa umeme wa jua ulizinduliwa mwaka 2016, na faida ya mitambo ya namna hiyo ni hiyohiyo iliyokuwa katika ghala za ujirani: si kila nyumba hupata wageni siku moja, na nyumba isiyo na wageni huachia iliyo nao. Waya, basi, upelekwe. Lakini mwaka ambao waya haujafika, watu waishi vema, na kuishi vema huko kwahitaji elimu.

Elimu hiyo ina upande wa fundi, upande wa shule na upande wa mgeni. Fundi afungaye sola ana desturi ya kumwuliza mwenye nyumba ana taa ngapi. Na amwulize pia: hupata wageni wangapi, mwezi gani, nao hukaa siku ngapi? Majibu ya maswali hayo yabadilisha ukubwa wa paneli kuliko idadi ya taa. Kisha, kabla ya kuondoka, aandike kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, aibandike karibu na kidhibiti: nyumba hii hupata kiasi hiki kwa siku ya jua, kiasi hiki kwa siku ya mawingu, taa hii hula hivi, televisheni hula hivi, waya usiungwe kwenye betri. Karatasi hiyo itasema kile ambacho mwenyeji hawezi kukisema. Mgeni ataisoma na kuzima mwenyewe, na heshima ya pande zote mbili itabaki salama.

Shule nazo zina nafasi yake. Hesabu za nyumba ya mwalimu hazina lolote lizidilo kuzidisha na kutoa; mwanafunzi wa darasa la sita aziweza. Kama watoto hufundishwa kupiga hesabu ya faida ya muuza machungwa, waweza pia kupiga hesabu ya betri ya nyumbani kwao, na wataifikisha jioni hiyohiyo kwa wazazi wao.

Mgeni, kwa upande wake, ana jembe lake. Betri ndogo ya mfukoni ya kujazia simu, ile ya ampea-saa 20, iliyojazwa Gongoni kwa senti chache za LUKU, yatosha kuzijaza simu tano mara moja. Sukari hubebwa kutoka mjini. Umeme nao waweza kubebwa. Vijana waweza kuchanja kuni asubuhi, kuteka maji na kupangusa vumbi la paneli. Pasi ya umeme ibaki nyumbani. Mwenyeji anayo ya mkaa. Na siku ya kuagana, mgeni aombe asali na michembe, auache mkaa.

Lakini lililo la kwanza halihitaji hata kifaa. Mgeni akiisha kuamkia na kuulizwa habari za safari, habari za watoto na habari za mvua, naye aulize habari za jua: "Betri yaendeleaje, mzee? Usiku tuzime saa ngapi?" Swali hilo likiwa la kawaida kama habari za shamba, mwenyeji atajibu bila ya kuona haya, na mwaka ujao hatakuwa na sababu ya kutafuta udhuru.